Santuri na Mafundi Wake

Wasikilizaji wangu wa Mwanza, wa visiwani, na wa pande zote za Ziwa, wazee kwa vijana, leo napenda kuwaelezeni habari za chombo ambacho babu zetu walikiita santuri, na wengine wakakiita kinanda tu. Ni lile sanduku lenye hendeli ubavuni, lililokuwa likijazwa kwa mkono kisha likaimba bila umeme na bila betri. Yamkini liko moja chini ya kitanda cha mzee wenu, au darini katika nyumba ya duka la zamani, limeshika vumbi na halisemi tena. Nataka tujue lilitoka wapi, lilifikaje kwetu, kwa nini limenyamaza, na yapasa lifanyiwe nini ili liseme tena bila kuharibiwa.

Jina lenyewe lina historia. Santuri kwa asili ni kinanda cha nyuzi nyingi kipigwacho kwa vijiti, ambacho chajulikana sana Uajemi na katika nchi za Waarabu. Chombo kipya kilipofika pwani, watu walikipa jina la chombo walichokuwa wakikisikia habari zake, kwa kuwa hiki nacho kilitoa muziki. Baadaye jina hilo likahamia kwenye sahani yenyewe, hata leo mtu akisema santuri, huenda ana maana ya mashine, na huenda ana maana ya kile kiduara cheusi. Katika mazungumzo haya mashine nitaiita santuri, na kiduara nitakiita sahani, tusije tukachanganyikiwa.

Mwaka wa 1877 Mmarekani mmoja, Thomas Edison, alifaulu kutengeneza chombo kilichoweza kuishika sauti ya mtu na kuirudisha. Sauti ilichorwa kwa sindano juu ya bati jembamba kama karatasi, lililozungushiwa mche wa duara. Ilikuwa ajabu kubwa, lakini bati lile lilichakaa upesi, wala hapakuwa na njia nyepesi ya kutoa nakala nyingi. Miaka kumi baadaye, yaani 1887, Emile Berliner, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alipewa hati ya serikali kwa chombo chake alichokiita gramafoni. Yeye aliacha mche akachagua sahani bapa, akachora sauti katika mfereji mwembamba uzungukao kutoka ukingoni kwenda katikati. Ubora wa sahani ni huu: yaweza kupigwa chapa kama sarafu, ikatoka moja, ikatoka mia, ikatoka elfu, zote zikiwa na sauti ile ile. Bila jambo hilo, sauti ya mwimbaji wa Unguja isingeweza kufika Mwanza.

Mashine za kwanza za Berliner zilizungushwa kwa mkono. Mkono ukichoka, mwendo hupungua. Ukihimizwa, mwendo huzidi. Na sauti ya mwimbaji ikapanda na kushuka kama ya mlevi. Fundi mmoja wa mji wa Camden, katika jimbo la New Jersey, jina lake Eldridge Johnson, aliuondoa udhaifu huo mwaka wa 1896 kwa kuunda injini ya kamani, yaani utepe wa chuma cha pua uliokunjwa kama ule ulio ndani ya saa. Mwaka wa 1898 kampuni ya gramafoni ikaanzishwa London, na mwaka uliofuata ikanunua picha ya mchoraji Francis Barraud, picha ya mbwa ainamishaye kichwa kusikiliza sauti ya bwana wake itokayo katika pembe. Wengi wetu tumeiona juu ya sahani za HMV. Wachache wajua kwamba hapo kwanza katika picha ile palikuwa na fonografu ya mche. Mchoraji aliifunika kwa rangi, akachora gramafoni mahali pake, ndipo kampuni ikamlipa.

Sasa tutazame sahani yenyewe, kwa maana hadithi yake ni ya nchi zetu za Bahari ya Hindi. Sahani nyeusi za zamani si plastiki. Zilifanywa kwa lakiri, ambayo ni utomvu utolewao na wadudu wadogo wakaao juu ya matawi ya miti katika Bara Hindi na nchi jirani zake. Lakiri iliyeyushwa, ikachanganywa na unga wa mawe na masizi, ikakandamizwa kati ya chapa mbili. Tangu mwaka wa 1908 kampuni ile ya London ilikuwa na kiwanda Calcutta. Sahani ya inchi 10 ilichukua kama dakika tatu za muziki kila upande, na ilipasa kuzunguka kama mara 78 kwa dakika moja. Mtunzi mwenye beti ishirini alilazimika kuchagua chache. Kwa hiyo sahani ilihifadhi nyimbo, lakini pia ilizikata.

Je, santuri zilifikaje kwetu? Reli itokayo Mombasa ilifika ukingoni mwa Ziwa mwaka wa 1901, mahali paitwapo sasa Kisumu, na meli zikaanza kuchukua mizigo kutoka huko kwenda katika bandari nyingine, Mwanza ikiwa mojawapo. Hivyo kwa miaka mingi shehena kutoka ng'ambo ilikuwa ikishuka Mombasa, ikapanda gari la moshi, ikavuka maji, ndipo ikaonekana dukani kwetu. Hata mwaka wa 1928 reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza, na mji wetu ukaunganishwa kwa chuma moja kwa moja na Dar es Salaam.

Mwaka huo huo wa 1928 lilitokea jambo jingine. Mwezi wa Machi, mwimbaji Siti binti Saad wa Unguja alisafiri kwenda Bombay pamoja na wapiga vinanda wenziwe, ili sauti yake itiwe katika sahani za HMV. Siti alizaliwa Fumba, katika nyumba ya watu maskini. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na yeye mwenyewe alitembeza vyungu mjini akinadi. Sahani hizo zilikuwa miongoni mwa za kwanza za Kiswahili kuuzwa katika Afrika Mashariki. Kabla yake taarabu ya Unguja iliimbwa zaidi kwa Kiarabu, na masikio yalizoea sahani za Misri. Sahani za Siti zilipotoka, mtu wa bara aliyejua Kiswahili alisikia chombo cha kigeni kikisema lugha aliyoijua. Siti alifariki mwaka wa 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Wasifu watueleza alivyoishi, lakini haututolei sauti yake. Sauti imo katika sahani, na sahani bila mashine ni jiwe jeusi tu.

Tufikiri basi juu ya mambo hayo mawili ya mwaka mmoja: reli ikifika Mwanza, na sauti ya Kiswahili ikiingia katika lakiri. Fedha za pamba zilikuwa zikiwafikia wakulima wa Usukuma, na fedha hizo ziliwapatia watu nguo, taa, baiskeli, cherehani, na kwa wachache santuri. Iliyowafaa watu wa safari ni ile ndogo ya kubeba mkononi, ifungwayo kama sanduku la nguo. Kampuni ya HMV ilitoa moja mashuhuri iliyoitwa 102 tangu mwaka wa 1931, ikaendelea kuitengeneza kwa zaidi ya miaka ishirini. Hiyo ndiyo sababu mashine za aina hii zaonekana bado katika nchi nyingi.

Wala santuri haikuja kusikilizwa tu. Ilikuwa pia mwalimu. Katika Morogoro kijana Salum Abdallah alivutwa sana na nyimbo za Kuba, ambazo kampuni ya HMV ilikuwa ikizitoa tangu mwaka wa 1933 katika sahani zenye alama ya GV, zikasambaa katika Afrika. Mwaka wa 1948 akaanzisha bendi aliyoiita La Paloma, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Cuban Marimba. Hakuwa na haja ya kuvuka bahari kujifunza. Sahani ilizunguka, naye akasikiliza, akairudia, hata akapata mtindo wake mwenyewe.

Upande wa pili wa Ziwa, katika nchi ya Wakipsigis karibu na Kericho, lilitokea jambo la kustaajabisha zaidi. Watu walisikia katika gramafoni sauti ya mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, aliyekufa mwaka wa 1933. Jina lake likageuka vinywani mwao likawa Chemirocha. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kukusanya muziki, alifika Kapkatet akanasa sauti za wasichana wakiimba habari za huyo Chemirocha, kiumbe ambaye katika masimulizi aliyoyaandika Tracey ni nusu mtu na nusu mnyama. Katika safari za mwaka huo huo alipita Tanganyika pia. Makusanyo yake yakahifadhiwa Afrika ya Kusini, na mwaka wa 2015 nakala za nyimbo zile za Wakipsigis zilirudishwa kwa watu wa Kapkatet, nao wakazisikiliza baada ya miaka sitini na mitano. Huo ni mfano mzuri wa kutufundisha. Sauti iliyohifadhiwa vema yaweza kurudi kwao hata baada ya umri wa mtu mzima, lakini iliyovunjika hairudi.

Tusidanganyike kwamba kila wimbo wa kwetu uliingia katika sahani. Makampuni yalikuwa ya biashara, nayo yalinasa kile yalichodhani kitauzwa. Nyimbo nyingi za mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vikuu vya ngoma vya Usukuma, ziliimbwa uwanjani zikaenda na upepo. Kwa kuwa zilizonaswa ni chache, basi kila sahani iliyobaki ina thamani kubwa kuliko ukubwa wake.

Maisha ya santuri ya kamani hayakuwa marefu sana. Wakati wa vita vya pili lakiri ilikuwa haba, na huko Marekani na Uingereza watu walihimizwa kurudisha sahani za zamani ili zisagwe zifanywe mpya. Nyimbo ngapi zilisagwa namna hiyo hakuna ajuaye. Mwaka wa 1948 zikatokea sahani za plastiki zenye mfereji mwembamba zaidi na mwendo wa polepole, na mwaka uliofuata zikatokea zile ndogo za mizunguko 45. Mwaka wa 1951 Dar es Salaam ikaanza kutangaza kwa redio. Kisha zikaja redio ndogo za transista, mtu akaweza kusikiliza taarabu akiwa shambani, bila sindano na bila hendeli. Santuri ikasukumwa pembeni, na mafundi walioijua wakazeeka bila wanafunzi.

Hapa ndipo tulipo. Maadui wa santuri ni watatu. Wa kwanza ni kutu, maana hewa ya pwani ya Ziwa ina unyevu mwingi. Wa pili ni mnunuzi wa vyuma chakavu, apimaye kila kitu kwa kilo. Wa tatu ni fundi mwenye haraka, naye ndiye mbaya kuliko wote, kwani kutu huchukua miaka thelathini kuharibu kile aharibucho yeye kwa nusu saa. Kwa hiyo nitaeleza kazi ya kuitengeneza hatua kwa hatua, si ili kila msikilizaji awe fundi, bali ili mwenye mali ajue nini cha kukataa.

Kwanza, fahamuni namna inavyofanya kazi. Hendeli hukunja kamani ndani ya kopo la chuma. Kamani ikitaka kujikunjua, hulizungusha kopo, na kopo huzungusha magurudumu ya meno, nayo huizungusha meza ambayo sahani hukaa juu yake. Kama pasingekuwa na kizuizi, nguvu yote ingetoka mara moja kwa kishindo. Kizuizi ni mhimili mdogo wenye vitufe vitatu vizito vilivyoshikwa na vipande vyembamba vya chuma. Mwendo ukizidi, vitufe hutanuka na kuvuta kisahani kidogo, nacho hujisugua juu ya kipande cha ngozi au cha sufu, mwendo hupungua. Ukipungua mno, vitufe hujikunja, msuguano hulegea, na mwendo hurudi. Hivyo mashine hujitawala yenyewe bila kuambiwa.

Sauti nayo ina njia yake. Sindano hupita katika mfereji wa sahani, hutikisika kulia na kushoto, na mtikiso huo hupanda kwa kijiti mpaka kwenye utando mwembamba ulio ndani ya kichwa cha mashine. Katika mashine za zamani zaidi utando huo ni wa ulanga, yale madini yang'aayo na kubanduka kama karatasi, ambayo yalichimbwa hata kwetu katika milima ya Uluguru. Katika mashine zilizofuata utando ni wa aluminiamu. Utando husukuma hewa, hewa hupita katika mkono wenye uwazi, huingia katika pembe iliyofichwa ndani ya sanduku, na kutoka ikiwa imekuzwa. Hakuna kingine.

Sasa kazi. Ukipewa santuri iliyonyamaza miaka mingi, usiijaze. Jambo la kwanza ambalo kila mtu hutamani ni kuzungusha hendeli aone kama ni nzima, na hapo kamani yenye kutu huweza kukatika. Tazama kwanza. Andika katika daftari kila kitu kilivyo: skrubu ipi ilikuwa wapi, kipande kipi kilielekea upande gani. Kama una simu yenye kamera, piga picha kabla ya kufungua. Wazee wetu wamesema, mali bila daftari huisha bila habari, na neno hilo lafaa kwa fundi kama lifaavyo kwa mwenye duka.

Pili, hakikisha kwamba kamani haina nguvu iliyobaki. Iache meza izunguke mpaka isimame kabisa, tena uiguse kuona kama yataka kuendelea. Kisha ndipo injini itolewe sandukuni. Nalikazia jambo hili kwa ajili ya wanafunzi: kamani ni utepe wa chuma wenye upana wa kama inchi moja na urefu wa mita kadhaa, uliobanwa katika kopo dogo. Hata ikiwa haikujazwa, yaweza kuruka kopo lifunguliwapo, ikamkata mtu vidole au kumwumiza macho. Kazi hiyo si ya mtoto, wala si ya mtu mzima asiyevaa glavu nene. Kamani hutolewa duara kwa duara, kuanzia katikati, mkono mmoja ukiishika iliyobaki.

Ndani ya kopo utaona grisi ya zamani iliyokuwa ngumu kama lami. Hiyo ndiyo ilikuwa ikitoa vile vishindo katikati ya wimbo: duara za kamani zilishikana, kisha zikaachiana ghafula. Osha kwa mafuta ya taa, futa mpaka chuma king'ae, kagua kama kuna ufa, kisha paka grisi mpya iliyochanganywa na grafiti, madini yale meusi yafanyiwayo risasi ya penseli. Magurudumu madogo na ule mhimili wa vitufe hayataki grisi, yataka mafuta mepesi kama ya cherehani, tone moja moja. Na kile kipande cha ngozi au cha sufu kipewe tone lake, kwa maana kikikauka mashine hulia kama panya. Kama chuma kimoja kati ya vile vyembamba vinavyoshika vitufe kimekatika, badili vyote vitatu kwa vilivyo sawa, la sivyo mhimili utapepesuka.

Tatu, kichwa cha sauti. Kingo za utando hushikwa na vipete vya mpira. Mpira huo ulikuwa laini, lakini miaka imeufanya mgumu kama pembe, na utando hauwezi tena kucheza. Ndiyo maana sauti huwa kavu yenye kukwaruza. Toa mpira wa zamani kwa uangalifu, weka mpya wa mrija mwembamba na laini, unene wake ukikaribia ule wa mrija wa vali ya baiskeli, ukatwe sawasawa ili ncha zikutane bila pengo. Katikati ya utando wa ulanga, pale kijiti kinapoungana nao, ziba kwa tone la nta ya nyuki. Usikaze skrubu kwa nguvu; ulanga ukipasuka hauungiki.

Nne, jihadhari na madini ya kijivu. Sehemu fulani za mashine, hasa shingo ya mkono na mgongo wa kichwa, zilisubiwa kwa mchanganyiko wa zinki. Mchanganyiko huo, kama haukuwa safi kiwandani, huvimba na kupasuka kwa uzee. Ukiona nyufa ndogo kama za matope yaliyokauka, usigonge wala usilazimishe. Hapo yafaa kutafuta kipande kingine kutoka katika mashine iliyokufa, na ndiyo sababu fundi mwema hatupi mashine iliyokufa.

Mwisho, pima mwendo. Huhitaji chombo cha gharama. Weka kipande cha karatasi chini ya sahani kitokeze ukingoni, tazama saa yako, hesabu. Kikipita mbele yako mara 39 katika nusu dakika, mwendo ni sawa. Kikizidi au kupungua, geuza skrubu ya mwendo kidogo kidogo, sindano ikiwa juu ya sahani, maana sahani nayo huzuia.

Kuna kazi moja nimeiacha kwa makusudi, nayo ni kupaka rangi. Watu wengi hudhani kutengeneza ni kufanya upya: hukwangua ngozi ya sanduku, hupaka rangi ya kung'aa, hung'oa kibati cha jina. Lakini kibati kile, chenye jina la duka lililouza mashine, ni hati ya historia. Chatuambia mashine ilipitia bandari gani. Vivyo hivyo alama ya mkono mahali pa kushikia, na jina la mwenye mali lililochongwa kwa kisu ndani ya kifuniko. Safisha vumbi, zuia kutu, shona kilichofumuka, kisha uache. Katika Bara Hindi na kwingineko wako watu waungao vipande vya mashine mbalimbali, wakatia pembe mpya ya shaba nyeupe au ya manjano, wakaviuza kama vya kale. Hupendeza machoni, lakini havina habari yoyote ya kutueleza.

Baada ya mashine, sahani. Usizioshe kamwe kwa spiriti, kwa sababu spiriti huyeyusha lakiri, na sauti hufutika palepale. Tumia kitambaa laini chenye maji kidogo na sabuni kidogo, usiloweshe karatasi ya katikati, kausha mara moja. Zisimamishe wima kama vitabu. Zikilazwa nyingi pamoja za chini hupasuka, na zikiachwa juani hujikunja. Sindano ya chuma ni ya upande mmoja tu wa sahani. Unga wa mawe ulio katika lakiri huisaga sindano mpaka ienee mfereji. Ukiitumia tena, ncha iliyosagwa huwa patasi. Hapo zamani senti zilipokuwa haba, watu walirudia sindano ile ile mara kumi, na ndiyo maana sahani nyingi zilizopendwa sana hazina sauti tena ila mvumo. Na zile sahani za plastiki za mizunguko 45 na 33 zisiwekwe kabisa juu ya mashine hii. Mkono wake mzito huzichimba mara ya kwanza tu.

Ndugu wasikilizaji, hapa tumefika penye shaka ya kweli, nayo yafaa tuitazame uso kwa uso. Kila mara sindano ya chuma ipitapo, huondoa kitu kidogo. Kwa hiyo mtu aliyetengeneza santuri yake, akaweka juu yake sahani pekee iliyobaki ya mwimbaji fulani, akawaita majirani kila jioni, anaiua sauti ile kwa kuipenda. Wako wasemao, basi mashine ziachwe kimya, sahani zifungiwe. Mimi sikubali. Mashine isiyozunguka hukauka grisi na kushika kutu, na kijana asiyesikia chombo kikisema hataona sababu ya kukitunza. Lakini pia sikubali kwamba kila sahani ipigwe tu kwa kuwa ni yetu.

Njia iliyo sawa ni kuzitenga sahani mafungu mawili. Zile za kawaida, zilizotoka kwa maelfu na zapatikana bado, zipigwe juu ya santuri, sindano mpya kila upande, watoto wasikie. Zile adimu, hasa za lugha zetu na za waimbaji wa kwetu, zisiguswe na sindano ya chuma hata mara moja. Zipelekwe kwanza penye mashine ya umeme yenye mkono mwepesi na sindano ipasayo mfereji wake, zinakiliwe katika kompyuta, nakala zihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja. Baada ya hapo mwenye mali akitaka kuisikiliza kila siku, asikilize nakala. Sahani yenyewe na ipumzike.

Kazi hii hazifanyi serikali wala majumba ya makumbusho peke yao, maana hayajui kilichomo darini mwenu. Walimu waweza kuwaagiza wanafunzi waulize nyumbani: nani alikuwa na santuri, aliinunua wapi, kwa fedha ya zao gani, sahani zipi zilipendwa, na fundi alikuwa nani. Majibu yaandikwe pamoja na tarehe. Mzee akumbukaye jina la fundi wa mji wake ni kitabu ambacho hakijapigwa chapa, na vitabu vya namna hiyo vyapungua kila mwaka. Shule yenye karakana yaweza kuichukua mashine moja iliyokufa, wanafunzi wakubwa wakafundishwa juu yake meno ya magurudumu, msuguano, na mtikiso wa hewa, mambo ambayo katika kitabu cha sayansi huwa ni michoro tu.

Nanyi wenye santuri za urithi, kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma, fungueni kifuniko mtazame mfuko uliomo: mara nyingi sahani zimebaki mle ndani, na majina yake yasomeka bado. Yaandikeni. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na kamani ikikatika, yapatikana nyingine. Sauti iliyosagwa haina kipuri.